Leseni ya Maisha

4 Februari

Chiriku,

Nyumba nzima inakusalimu. Anayeshika kalamu ni mkaza mjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika. Sisi wazima. Nimeng'olewa jino la nyuma wiki iliyopita na sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Mkaza mjomba wako wamempa darasa la pili, watoto sabini na mmoja, kila jioni anarudi koo limekauka kama gunzi. Mama yako alipita Jumapili. Alikaa, akalalamika kwamba huandiki, akala, akaondoka. Nyonga bado inamsumbua, lakini ukimtajia fimbo unakuwa adui.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na tisa nakaa chumba namba nane cha mahakama, nasikiliza kesi zilizorekodiwa na kuchapa neno kwa neno alichosema hakimu, wakili na shahidi. Mimi ni kipofu tangu nina miaka kumi na moja. Kompyuta sijawahi kuiona, huwa inanisomea. Ndani yake mna programu inayotamka kila herufi ninayogonga na kila mstari ulioko kwenye kioo. Bila hiyo, mimi na kompyuta ni watu wawili waliogombana: tumekaa meza moja, hatusemeshani.

Programu hiyo mahakama iliinunua kwa kampuni miaka saba iliyopita. Kununua, Chiriku. Kule kwa kulipa, kuchukua na kwenda zako. Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, nilikuwa katikati ya ushahidi wa mama mmoja aliyechomewa duka. Programu ikajisasisha bila kuniuliza. Ikazima, ikawaka, na sauti niliyoizoea ikapotea. Badala yake akatokea mwanamke: "Mpendwa mteja, muda wako umekwisha. Tafadhali wasiliana nasi." Nikagonga kitufe. "Mpendwa mteja, muda wako umekwisha." Nikazima, nikawasha. "Mpendwa mteja." Hasomi kingine chochote. Ana matamshi safi mwanamke yule, hatafuni maneno.

Msajili wa mahakama akawapigia simu. Wakamjibu kwamba mambo ya kununua wameyafuta, siku hizi ni kukodi, mwaka hadi mwaka, na ile tuliyonunua "haitumiki tena". Haikuharibika. Wameiua. Ombi la fedha za kukodi limepelekwa kwa wakubwa, na jambo likishafika kwa wakubwa unajua linavyolala.

Nasikia kinyaa, mwanangu. Ni kama mtu ameingia chumba namba nane, akanibandua masikio, kisha akaniachia kadi yake ya biashara mezani.

Wewe uko kwenye mambo ya kompyuta huko, ingawa hujawahi kutuambia ni ofisi gani. Waulize wenzio: jambo hili ni halali? Nijibu kwa barua. Simu siitaki. Kwenye simu mtu husema neno leo na kulikana kesho, ila neno lililoandikwa lina mwenyewe.

Mjomba wako

Chiriku, hapa ni mimi, mkaza mjomba wako. Anadhani naandika anuani. Hajakuambia kwamba hii ni wiki ya tatu anakwenda kazini, anakaa mbele ya mashine iliyo bubu mpaka saa tisa na nusu, kisha anarudi. Kanda zake wamempa mchapaji mwingine. Jana alinyoa ndevu mara mbili. Kama una la kusaidia, saidia.


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Na mkaza mjomba namwamkia kwa heshima zote. Barua yenu ilinifikia siku tisa zilizopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mimi sijambo. Bado nakaa kile chumba juu ya fundi magodoro, na bado naamka na pamba puani. Jirani yangu mpya anajifunza tarumbeta. Ameshajua noti tatu, na mtaa mzima tumezichoka. Mwambie mama dawa ya kuchua nimeituma kwa basi la Ijumaa. Asiichanganye na ile nyingine.

Pole sana kwa yaliyokupata kazini. Nimeuliza kama ulivyoniagiza. Wanasema makampuni mengi sasa yanafanya hivyo, kwamba imo ndani ya mkataba, kwenye ule ukurasa mrefu ambao mtu haumalizi, anabonyeza tu "nakubali". Sisemi ni vizuri. Nasema tu wanavyosema.

Ushauri wangu, waandikie kitengo chao cha huduma kwa wateja. Andika kwa upole, Mjomba, nakujua. Huko nako kuna watu waliokaa mezani, na si wao waliotunga sheria. Ukiwatukana unamtukana mtu mdogo.

Ofisi yangu ni ofisi tu, meza na viti. Hakuna la kusimulia.

Chiriku


19 Machi

Chiriku,

Leo naandika mwenyewe, kwa vidole vyangu. Kwa nini nimeweza, utaelewa mbele. Dawa ilifika, mama yako ameichanganya. Mkaza mjomba wako mzima, na darasa limeongezeka watoto wawili. Huyo wa tarumbeta mwambie ahamie noti ya nne.

Niliwaandikia kampuni kama ulivyonishauri. Kwa upole, mpaka mkaza mjomba wako akaniuliza kama naumwa. Jibu lilikuja kabla hajanyanyuka kitini. Dakika moja! Kumbe walikuwa wamelipika mapema. Nalinukuu, maana alinisomea mara tatu nikalishika: "Mpendwa mteja, tumepokea ujumbe wako na tunaelewa jinsi jambo hili lilivyo muhimu kwako. Uvumilivu wako ndio nguvu yetu."

Uvumilivu wangu ndio nguvu yao! Hapo angalau wamesema kweli. Mtu akikunyima akakutukana, mnaachana. Huyu anakunyima huku anakupapasa kichwa. Nani anakaa akatunga sentensi kama hiyo? Anakula chakula cha namna gani mchana?

Sasa sikia. Hospitali kuu, kwenye chumba cha simu, yuko mwanamke tunayemwita Mama Swichi. Kazi yake ni kupokea simu za nje na kuziunganisha wodini. Kipofu kama mimi, tena wa kuzaliwa, na hunidharau kwamba miaka kumi na moja nilikula bure kwa kuona. Nilipomweleza msiba wangu alicheka mpaka simu mbili zikalia zikakatika.

"Kumbe wewe mtu mzima bado unakodi masikio?" akaniuliza.

Akanieleza kuhusu programu huria. Kwamba ipo programu ya kusoma kioo ambayo watu wameiandika bila kuiuza, wengine vipofu wenyewe, na maandishi yake ya ndani yako wazi. Ukijua kuyasoma unayasoma, ukiona kasoro unairekebisha, ukitaka kumpa jirani unampa, na hakuna polisi.

"Na mwenyewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mwenyewe ni mimi. Na wewe ukitaka."

"Kitu cha wote hakina wa kukitunza."

"Na hicho chako chenye mwenyewe," akasema, "si ndicho kimekutupa nje?"

Akanipa kwenye flashi, nikaweka kwenye kompyuta ya nyumbani, na ndiyo inayonisomea maneno haya.

Sitakudanganya, ni mbaya. Sauti yake ni ya chura mwenye mafua. Neno ng'ombe anasoma "ne, ge, alama ya juu, ombe", na mimi, kwa bahati yangu, msajili alikuwa amenipa kanda ya zamani nijaribie, kesi ya wizi wa mifugo. Siku ya pili ilikufa ghafla ikanimezea ukurasa mzima. Hakuna namba ya kupiga, hakuna wa kumfokea. Niliwaandikia walioitengeneza, mkaza mjomba wako akinisaidia lugha. Wakakaa kimya siku nne. Ya tano mtu mmoja akajibu, naye haoni, yuko nchi ya mbali: "Pole. Nadhani najua inapofia. Nitaitazama Jumapili, leo ni zamu yangu ya mtoto." Basi. Hakuna mpendwa, hakuna nguvu yetu.

Jumatatu akanitumia iliyorekebishwa. Haijafa tena kwa sababu ile. Imekufa kwa sababu nyingine, nimeshamwandikia.

Msajili anasema hawezi kuruhusu "kitu cha bure" kwenye kompyuta ya mahakama mpaka akaulize. Bado anauliza. Nami bado nakaa.

Mjomba wako


6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nafurahi kuona herufi zako mwenyewe. Huku mvua zimeanza na fundi magodoro amepandisha magodoro yake kwenye ngazi zetu, tunapita ubavu. Niko salama.

Mjomba, kuwa mwangalifu na vitu vya bure. Programu huria haina dhamana. Haina timu ya wataalamu. Leo ipo, kesho waliokuwa wakiitengeneza wamechoka, na data za mahakama ni nyeti. Kitu cha kulipia kina mtu wa kuwajibika. Nakuambia kwa faida yako.

Lakini nimekutafutia njia. Kwenye karatasi ndogo ya njano humu ndani ya bahasha kuna namba, tarakimu ishirini. Mkaza mjomba akufungulie ile programu ya zamani, na yule mwanamke atakapoanza "Mpendwa mteja", abonyeze kitufe cha kwanza juu kushoto, aziandike. Itafunguka miaka mitatu. Usiulize nimezipata wapi, na tafadhali usimwambie mtu.

Nakuomba uikubali.

Chiriku


15 Aprili

Chiriku,

Sote wazima.

Karatasi yako ya njano hii hapa, inarudi. Mkaza mjomba wako hakuisoma kwa sauti. Nilimzuia.

Chama chetu cha wasioona hapa kina watu sita waliozimiwa Jumatatu ile ile: walimu watatu, mchapaji mwenzangu wa mahakama, karani wa benki na binti anayesomea sheria. Hao umewatumia namba?

Nimechapa kesi nyingi za watu waliopitishiwa kitu mlango wa nyuma. Zote zina maneno "usimwambie mtu", kwa kawaida ukurasa wa pili au wa tatu. Ningeyachapa leo yakiwa yangu, ningetapika kwenye kibodi.

Halafu barua yako ina mambo mawili yasiyokaa nyumba moja. Huku unanitisha kwa vitu vya bure, huku unaniletea cha wizi.

Nina swali moja tu, na ulijibu kama umesimama kizimbani: unafanya kazi wapi?

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Fundi magodoro ameshaniuliza kama nafungua kiwanda cha karatasi. Mama anakwambia sipokei simu zake, najua. Ni kweli, nilikuwa naogopa angesikia sauti yangu akajua.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni ile. Miaka minne, kitengo cha huduma kwa wateja. Kazi yangu ilikuwa kutunga majibu. Lile ulilopokea linaitwa Jibu Namba Sita. Nililiandika mimi. "Uvumilivu wako ndio nguvu yetu" ni maneno yangu, na siku nilipoyaandika walinipigia makofi kwenye kikao. Uliuliza mtu anayetunga vile anakula nini mchana. Siku ile nilikula wali na kuku, nao waliulipia.

Kuna kingine, na hiki ndicho kilichonichania barua nne. Mwaka jana walitaka sauti ya Kiswahili kwa ajili ya matangazo mafupi ya programu. Mkuu wetu akasema, Chiriku anatamka vizuri, ya nini kumlipa mtu wa redio? Wakaniingiza chumba kilichobandikwa sponji kuta zote, nikasoma sentensi kumi na nne. Ya tisa ilikuwa "Mpendwa mteja, muda wako umekwisha." Walinirudisha mara tano niiseme kwa tabasamu. Walisema tabasamu husikika.

Mwanamke yule ni mimi, Mjomba.

Sikujua wangezima zile zilizonunuliwa. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Ukweli ni kwamba niliambiwa mwezi mmoja kabla, kwenye kikao. Mtu mmoja wa upande wa mauzo aliuliza kama wateja hawatakasirika na kuhama. Mkuu wetu alisafisha koo. Huwa anasafisha koo kila anapotaka kuchekesha. Akasema, "Wateja wetu ni vipofu. Watahamia wapi, na njia hawaioni?" Watu wakacheka. Kulikuwa na biskuti za nazi mezani.

Nami nilicheka, Mjomba. Nilikuwa na biskuti mdomoni na nilicheka.

Barua yako ya Februari iliponifikia nilikwenda chooni ofisini nikatapika, kisha nikanawa, nikarudi kwenye kiti, nikatunga Jibu Namba Kumi na Moja. Sijui nikuambie nini kuhusu mtu wa namna hiyo. Najichukia kila ninapofungua mdomo. Dukani nikisema "naomba mkate" naisikia sauti ile.

Na niliyokuandikia kuhusu vitu vya bure niliyachukua kwenye kijitabu chetu cha mauzo, ukurasa wa nne. Mengine ni kweli: dhamana hamna, na watu wale wanaweza kuchoka. Lakini tuna wahandisi sitini, na tatizo la ng'ombe wateja wametuandikia miaka sita. Halijaguswa. Jibu lake ni Namba Tisa.

Nimeacha kazi tarehe kumi na nne. Sikuaga kwa hotuba, niliacha kadi ya mlango mezani. Nimemwandikia yule mtu wa zamu ya mtoto nikamwambia nataka kusaidia. Programu ile haina sauti nzuri ya Kiswahili. Anasema nikiweza kurekodi sentensi elfu mbili, wanaweza kutengeneza nyingine, iwe ya bure kwa kila mtu. Naweza kuanza wiki hii. Ukisema ndiyo.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nimekujibu swali lako tu, kama ulivyotaka, kizimbani.

Chiriku


2 Septemba

Chiriku,

Miezi miwili nimekaa na barua yako. Mkaza mjomba wako hakuisoma. Programu ilinisomea kutoka kwenye flashi uliyoitia ndani ya bahasha, faragha, kwa ile sauti yake ya chura, na pale penye biskuti ilisimama katikati ya neno, nikadhani nayo imeona haya. Kumbe imekufa tu. Nikaiwasha, ikamalizia.

Nyumbani wazima. Mama yako alipata habari kwamba umeacha kazi ya kiyoyozi, akaja hapa na mkoba wake, akanilaumu mimi saa mbili mfululizo. Nimeipokea lawama. Sikumwambia mengine, hayo ni yako kumwambia.

Nilikujua tangu neno "Mpendwa". Ulidhani ningekosea? Wewe ndiye uliyenisomea magazeti tangu una miaka saba, kila Jumamosi kwenye benchi la jikoni. Ulikuwa ukichoka unaruka mistari, nami nikikuambia rudi, unarudi huku unanuna. Jumatatu ile sikusikia kampuni ikinizimia, nilisikia mtoto wa dada yangu akiniambia muda wangu umekwisha, tena anatabasamu. Nilikaa kwenye kile kiti, nikabonyeza tena na tena. Wenzangu walidhani sijaelewa. Nilikuwa nahakikisha.

Sikukuandikia "ni wewe" kwa sababu nilitaka useme mwenyewe. Ulichukua miezi mitano na karatasi moja ya njano. Hicho ndicho kilichonikinai, Chiriku, kuliko kicheko. Kucheka na kundi ni udhaifu, hata mimi nimewahi kuchekea hakimu asiyechekesha. Lakini kunishauri niwaandikie kwa upole, kisha ukanijibu kwa Namba Sita!

Haya, nikusimulie.

Msajili alimaliza kuuliza mwezi wa saba. Waliniletea kanda ya dakika arobaini, kesi ya mirathi, ndugu watano wanasema kwa pamoja, wakasema nichape kwa programu huria mbele ya kamati. Nilichapa. Makosa matatu, mawili ya kwangu. Nimerudi kazini. Sisemi kwamba ni raha. Nachapa taratibu kuliko zamani, na kwa wiki kitu hicho hufa walau mara moja. Mchapaji mwenzangu hakuiweza, alisema ile sauti inamwotesha ndoto mbaya.

Wiki mbili baadaye, kampuni ikaja. Chama chetu kilikuwa kimeandika malalamiko gazetini, nadhani ndiyo sababu. Walikuja wanne, na mpiga picha juu. Wakatukusanya ukumbi wa masijala, makarani wote, hata hakimu mmoja akashuka. Mkubwa wao akasafisha koo. Nikasema moyoni, aa, ndiye huyu.

Akahutubia kuhusu moyo wa kampuni. Kisha akaniwekea mikononi sanduku lenye utepe. "Mzee wetu," akasema, "hii ni leseni ya maisha. Bure kabisa. Kwako na kwa wenzako sita."

Nikalitikisa sanduku. Tupu. Leseni ni namba tu, hivyo walikuwa wamefunga utepe kwenye hewa ili picha ipendeze.

"Maisha ya nani?" nikamuuliza. "Yangu au ya kampuni?"

Akacheka. "Yako, Mzee."

"Na mkibadilisha mambo tena, kama mlivyobadilisha kununua?"

"Mzee, tuaminiane."

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "neno maisha nalichapa humu ndani karibu kila mwezi. Na kila nikilichapa, neno lililo mbele yake ni kifungo."

Karani wa faili alimwaga chai. Hakimu akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mpiga picha, maskini wa watu, aliendelea kupiga. Mkubwa akasogea karibu, akaninong'oneza: "Mzee, kuna picha hapa. Pokea tu, mengine tutazungumza." Alinuka manukato ya bei kubwa na mnanaa. Nilihisi mate yamenijaa mdomoni, nikayameza, kwa sababu sakafu ile anaipiga deki mama mmoja ninayemheshimu.

Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mlijiuliza tutahamia wapi. Nimeshahama." Nikaliweka sanduku chini, nikarudi chumba namba nane. Nilisikia nyuma yangu koo likisafishwa, ila safari hii hakuna kichekesho kilichofuata.

Mchapaji mwenzangu aliipokea leseni. Simlaumu. Ana watoto wanne, na hafanyi kazi yake kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Mwalimu mmoja naye alipokea. Wanne waliobaki wamekataa.

Kuhusu wewe. Sauti yako usirekodi, angalau si kwa ajili yangu. Nimejaribu kuiwaza ikinisomea kesi, na kila ikianza sentensi nasubiri iniambie muda umekwisha. Labda mwakani itakuwa imenitoka. Warekodie wengine kama watakutaka. Mimi nitakaa na chura wangu, hajawahi kunitabasamia.

Na kinyaa changu hakijaisha. Ningekuandikia kwamba kimeisha ungejua naruka mistari.

Lakini kazi ipo. Kila Jumamosi saa nne tunakutana chumba cha simu cha hospitali, sisi watano na Mama Swichi, kufundishana programu hii. Maelezo yake yote ni ya kigeni, na kila mtu anayakisia anavyoweza. Tunataka mtu wa kuyaandika kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa darasa la pili akikisoma anaelewa, bila "mpendwa", bila "tunathamini". Nimewaambia namjua mtu anayejua kutunga, na nimewaambia alikuwa anamtungia nani. Mama Swichi amesema, "Basi anajua wanavyodanganya, atafaa." Wengine hawakusema kitu. Utawakuta hivyo hivyo.

Malipo hakuna. Wala hutapigiwa makofi. Ukija, njoo mapema na uvae viatu vya kawaida. Chumba cha simu kiko ghorofa ya sita, na lifti ya hospitali imekufa kwa miezi miwili sasa. Fundi wao anasema anaijua kasoro, ni ya nusu saa, lakini haruhusiwi kuigusa, ufunguo wa kisanduku chake anao wakala wa kampuni iliyoiuza peke yake. Kwa hiyo tunapanda kwa miguu, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele, na Mama Swichi anatangulia akihesabu vidato.

Mjomba wako